Hadithi Zisizo na Zizi

Watu wa Mugumu walimwita Bwana Mifugo, na nadhani wengi wao hawakuwahi kujua jina lake jingine. Mimi nililijua kwa sababu liliandikwa juu ya kila karatasi aliyoniletea nichape, lakini hata mimi sikuwahi kumwita kwa jina hilo. Nilimwamkia shikamoo Bwana Mifugo, naye akaitikia marahaba Mama Bhoke, kisha akavua helmeti yake na kuiweka juu ya mashine ya kopi, mahali ambapo kila siku nilimwomba asiiweke.

Nina duka la steshenari karibu na stendi. Kazi zangu ni zilezile za maduka yote ya namna hiyo: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, mihtasari ya vikao, kadi za michango ya harusi, kopi za vitambulisho. Mtu akiniletea karatasi huwa najua ni kitu gani kabla sijafika mstari wa pili, na najua kitakaaje. Barua ina anwani yake juu kulia, mtihani una maelekezo, muhtasari una ajenda. Bwana Mifugo aliponiletea kazi yake ya kwanza nilisoma ukurasa mzima nikabaki nimeinua vidole juu ya kibodi. Nikamuuliza hii ni nini, ili nijue niipange vipi.

"Chapa kwanza," alisema. "Tutajua baadaye."

Tulichapa pamoja miaka mingi, na sina hakika kama tulikuja kujua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo iliyotangulia mbele kidogo kama mtu anayechungulia zizini. Serikali ilimleta huku kutoka mkoa wa mbali, akaanzia Tarime, baadaye wakamhamishia Serengeti. Kikurya alichokuwa nacho kilikuwa cha ng'ombe. Aliweza kutaja rangi zote za ng'ombe kwa Kikurya, mwenye mabaka tumboni, mwekundu mwenye kipaji cheupe, yule wa kijivu kama majivu ya jana, lakini kuomba maji ya kunywa hakuweza. Wazee wa kwetu Tarime walimpenda kwa hilo. Walisema huyu amejifunza kinachohusika.

Pikipiki yake ya serikali ilibeba deli la chanjo nyuma, na ndani ya deli, pembeni ya barafu, ndimo alimofungia karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni ili zisilowe. Aliandika nyuma ya mabango ya zamani ya kampeni za chanjo. Ukigeuza ukurasa wa hadithi ulikutana na mdomo wa ng'ombe mgonjwa, umepanuliwa, rangi zote. Aliandikia joshoni, akisubiri mifugo ijikaushe, au chini ya ukuta wa ofisi ya kata wakati mtendaji hajafika. Hakuandika nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema nyumbani ni kimya mno, hasikii watu wanasema nini.

Kazini alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Ng'ombe mwenye homa alitengwa, ndama walikaa peke yao, kila sikio lilikuwa na hereni yake, na mfugaji aliyechanganya mifugo iliyochanjwa na ambayo bado alisemwa mpaka akaona aibu. Lakini mtu huyohuyo, akishika kalamu, alichanganya kila kitu. Nilimwambia hivyo siku moja. Alifikiri, akasema ng'ombe wakichanganyika wanaambukizana ugonjwa, na yeye katika hadithi anachotaka ni waambukizane.

Hakupenda kuitwa mwandishi. Mwalimu mmoja wa sekondari alimkaribisha akamtambulisha kwa wanafunzi kuwa ni mwandishi wetu wa hapa Mugumu, naye akasimama akarekebisha, mimi ni afisa mifugo, kisha akawasomea hadithi mbili. Vitabu vya upelelezi alivipenda, ila alianza kusoma kurasa za mwisho. Akishajua nani aliua, alisema, ndipo anaweza kusoma kwa utulivu na kuangalia watu wanavyoishi.

Nieleze kidogo hizo hadithi zenyewe, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa shida aliyoipata.

Moja ilihusu mwanamume anayekwenda kwa jirani kuazima kamba ya kumfungia ndama mgonjwa. Mke wa jirani anamwambia kamba ipo, ila imefungwa kwenye kitu fulani, ngoja akaifungue. Anaifuata ile kamba kwa mkono. Inapita nyuma ya nyumba, inapita shambani, inavuka mto, na mwanamke anaendelea kuifuata huku akiongea peke yake juu ya ndoa yake. Halafu, katikati kabisa, hadithi inasimama. Kwa aya mbili tunaelezwa dalili za ndigana kali: homa, tezi kuvimba chini ya masikio, machozi, kupumua kwa shida, na kwamba usisubiri, umuite mtaalamu mapema, na uogeshe mifugo yako kuua kupe. Kisha tunarudi kwa yule mwanamke. Ameshafika mbali. Hadithi inaisha bado ameshika kamba.

Nilipomaliza kuichapa nilikaa nikaangalia nje. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpigia simu dada yangu, na sikujua kwa nini dada yangu.

Kutafuta soko kulianza kwa sababu yangu. Nilimwambia kazi nzuri hivi haiwezi kukaa ndani ya flashi yangu. Yeye hakuwa na barua pepe, kwa hiyo tulitumia ya duka, na majibu yote yalifikia kwangu. Mimi ndiye niliyemsomea. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesomewa majibu ya maabara.

Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alijibu kwa adabu kwamba lugha ni nzuri, ila hawaoni wataiweka kwenye fungu lipi. Kama ni ya watoto, ipunguzwe na iwekwe picha. Kama ni ya wakulima na wafugaji, iondolewe ile sehemu ya ndoa. Gazeti moja lilikuwa na ukurasa wa hadithi, lakini walitaka mapenzi ya kuendelea kila wiki, na kila sehemu iishie mahali pa kumfanya msomaji ashike kifua. Mchungaji aliyekuwa akihariri jarida la kanisa alifurahia sana, akazisoma zote, kisha akauliza toba iko wapi. Palikuwa na shindano la uandishi pia, ambapo ulitakiwa kuweka alama ya vema: mapenzi, upelelezi, kutisha, watoto, maadili. Mimi nilishauri tuweke kwenye maadili, nani atajua. Bwana Mifugo aliangalia vile visanduku muda mrefu. Mwisho akasema tuviache vitupu, na shindano likarudisha kazi yetu bila kuisoma.

Sikumwona akikasirika. Alikuwa na udadisi. Kila jibu aliniomba nimrudie, kisha akauliza maswali juu ya aliyeliandika. Unadhani huyu ni kijana? Unadhani aliisoma mwenyewe au alisomewa? Alitaka kuelewa kwa nini mtu anahitaji kujua jina la kitu kabla hajakionja. Mara nyingi alisema neno moja akiwa anafunga helmeti: "Mimi najua ninaandika nini. Sijui tu kinaitwaje."

Ile iliyomletea matatizo ilikuwa ya tembo.

Katika kijiji kimoja njia ya kwenda Ikoma, karibu na hifadhi, alikuwapo mkulima aliyekuwa rafiki yake. Nadhani ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye huku ambaye hawakukutanishwa na ng'ombe. Huyo mkulima aliuawa na tembo akilinda mahindi yake. Msiba ulipita, viongozi walikuja, wakasema maneno, wakaondoka. Bwana Mifugo hakuandika chochote kwa muda mrefu. Halafu akaniletea hadithi ya mkutano wa kijiji.

Katika hadithi hiyo mkutano umeitishwa. Tembo anakuja, anasimama nyuma ya watu, kimya. Pembeni yake amekaa marehemu, na tochi yake mkononi. Kila mtu anawaona wote wawili, lakini hakuna anayesema, kwa sababu hawamo kwenye ajenda. Wanajadili choo cha shule. Wanajadili michango. Katikati, kama kawaida yake, akaeleza namna ya kutengeneza uzio wa kamba za pilipili kuzuia tembo shambani. Wanapofika kwenye Mengineyo mvua inaanza, na mwenyekiti anafunga kikao. Kisha kuna orodha ya waliohudhuria, na jina la marehemu limo.

Jina lilikuwa la kubuni. Mwenyekiti naye hakutajwa jina. Lakini redio ya hapa jirani ilipokubali kuisoma, mtangazaji naye hakujua aiiteje. Alisema tu, sasa tusikilize haya kutoka Ikoma. Ikasomwa mara baada ya habari.

Kufikia kesho yake kijiji chote kilikuwa kimesikia, na waliosikia waliamini ni taarifa. Wengine waliuliza tembo alikuja mkutano upi, mbona wao hawakuitwa. Mwenyekiti wa kijiji alisema amevunjiwa heshima mbele ya wilaya nzima. Wafugaji wa ukoo wake wakafunga mazizi. Bwana Mifugo alifika na deli lake la chanjo akaambiwa mifugo imekwenda malishoni, na huku anawasikia ndama wakilia ndani. Hilo lilimuumiza. Alikuja dukani akakaa kwenye benchi ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alisema ugonjwa wa miguu na midomo hauulizi nani amegombana na nani, na kama mifugo ile itaugua, itakuwa ni kwa sababu ya kalamu yake.

Waliitisha mkutano, wakamtaka aje ajieleze. Aliniomba nifuatane naye kwa kuwa mimi ndiye niliyechapa na nina nakala. Tulikwenda. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wamekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji, na hakuna aliyetukaribisha kiti mpaka mama mmoja alipotusogezea kigoda.

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Hakupiga kelele. Aliuliza swali ambalo, nilipolitafakari baadaye, lilikuwa lilelile la yule mchapishaji wa Dar es Salaam.

"Tuambie kitu kimoja tu. Hii ni taarifa au ni hadithi?"

Bwana Mifugo naye akauliza. "Tembo alikuja mkutanoni, mwenyekiti?"

"Hakuja."

"Marehemu alikuja?"

"Marehemu anakujaje?"

"Basi ni hadithi."

"Kama ni hadithi," mwenyekiti alisema, "mimi naingiaje humo?"

Watu wengine walicheka, na kicheko kile kilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Niliona uso wa mwenyekiti ukikaza. Naamini mpaka leo hakukuwa na jibu la kweli ambalo lingemridhisha mtu aliyejiona redioni.

Ndipo yule mama aliyetupa kigoda aliposimama. Sikuwa nimejua kwamba ndiye mjane. Alizungumza Kiikoma kwanza, kisha akaona sisi wageni hatuelewi, akageuza Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno.

"Tangu tumzike, nimehudhuria mikutano yote. Hakuna hata mmoja alimotajwa. Huyu mzee amemwandika kwenye waliohudhuria." Akanigeukia mimi. "Isome tena. Nataka nisikie pale alipokaa."

Nilimwangalia mwenyekiti. Hakukubali wala hakukataa. Nikasimama nikasoma. Nilipofika kwenye choo cha shule walicheka, hata wale waliokuja wamenuna. Nilipofika kwenye orodha ya waliohudhuria hakuna aliyecheka. Mjane aliitikia kwa kichwa polepole, akakaa.

Sitasema kwamba waliridhiana. Mwenyekiti hakumsalimia Bwana Mifugo msimu mzima, na kwa chanjo ya ng'ombe wake alimwita mtaalamu wa kutoka kwingine. Lakini mazizi mengine yalifunguliwa wiki hiyohiyo. Na vijana wachache, bila kuulizwa na mtu, walianza kusokota kamba za pilipili kama zilivyoelezwa katikati ya hadithi. Bwana Mifugo alipoziona aliniambia hajui afurahie lipi kwanza.

Baada ya hapo hakutaka tena kutuma kazi zake mbali. Alisema kama watu wa hapa ndio wanaogombana juu yake, basi hao ndio wasomaji. Akaniomba nitoe kila hadithi peke yake kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili, na siku za mnada akawa anapanga karatasi zake chini, kwenye turubai, kando ya mwanamke aliyeuza kamba na chumvi ya mifugo.

Mkusanya ushuru alifika akamuuliza anauza nini. Hadithi. Mashine yake ya risiti ilikuwa na mbuzi, ng'ombe, nguo, vyakula, dawa. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akamwita mwenzake, wakashauriana. Mwishowe mashine ikatoa risiti imeandikwa Mengineyo. Bwana Mifugo aliniletea ile risiti dukani kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akataka niipige laminesheni.

Walionunua mwanzoni walikosea. Walijua ni Bwana Mifugo, wakadhani ni maelekezo ya dawa. Mzee mmoja wa Morotonga alichukua ile ya kamba kwa sababu alimwona mjukuu wake akisoma maneno ndigana kali. Mnada uliofuata alirudi, akapita wauza mbuzi wote, akaja moja kwa moja kwenye turubai. Nilikuwapo, nimepeleka nakala. Alisema ndama wake amepona, alimuita mtaalamu mapema kama karatasi ilivyosema. Bwana Mifugo akampongeza. Mzee hakuondoka. Alizungusha fimbo yake chini.

"Yule mwanamke," akasema. "Alirudi?"

Bwana Mifugo alimwambia hajui. Mzee akasema haiwezekani, wewe ndiye uliyeandika. Wakabishana hapo mpaka mwanamke wa chumvi akaingilia, naye kumbe alikuwa amesomewa, akasema hata angekuwa yeye asingerudi. Watu wawili watatu wakasimama kusikiliza. Kabla jua halijawa kali karatasi zote za kamba zilikuwa zimeisha, na waliozinunua hawakuwa na ndama mgonjwa.

Nilimtazama akikunja turubai. Nilitaka kumuuliza kama hili ndilo alilokuwa akilitafuta kwenye zile barua pepe zote, lakini alikuwa ameshaanza kumdadisi yule mzee kwa nini anadhani mwanamke lazima arudi.

Alistaafu. Serikali ilichukua pikipiki, naye akawa anatembea kwa miguu kutoka Morotonga alikopanga, kofia ya majani kichwani. Mnadani aliendelea, ila aliandika kidogo. Tulikutana mara chache.

Mara ya mwisho alikuja dukani asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi. Karatasi alizoleta zilikuwa nyeupe, mpya, hazina ng'ombe nyuma. Nilianza kuchapa, na nikashangaa vidole vinakwenda tu. Hadithi ilihusu kijana aliyepangiwa kazi mkoa wa mbali na msichana aliyemwacha nyumbani, mwalimu wa shule ya msingi. Wanaoana. Wanaomba uhamisho, yeye aende au mwenzake aje, na kila mwaka hakuna nafasi. Likizo zao zinaishia kwenye mabasi. Mwaka mmoja mke anakuja Tarime masika yote, na katika aya hizo mume anaelezea jinsi mke wake anavyoanika nguo kwa namna ambayo ilinibidi nisimame kidogo. Hakukuwa na dalili za ugonjwa wowote katikati. Ilianza, ikaenda, ikaisha.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja mke, nami sikuwahi kuuliza. Huku watumishi wengi wako hivyo, familia iko kwingine, na mtu akinyamaza unamwacha.

Nilimwambia hii gazeti lingeichukua kesho. Ina kila kitu wanachotaka.

"Najua," alisema.

"Basi niitume?"

"Hapana. Hii si ya sokoni. Naipeleka mwenyewe kwetu, basi la kesho." Akaegemea kaunta, akaangalia kioo cha kompyuta ambapo maneno yake yalikuwa yamepangika vizuri, bila shida yoyote. "Ongeza ukubwa wa herufi. Macho yake yameanza kumsumbua."

Nikaongeza. Akasema bado, nikaongeza tena.

"Na pembeni acha nafasi," akasema. "Mle ndani nimeandika kwamba mimi ndiye niliyesubiri. Hatakubali. Atataka kusahihisha."

Nilimuuliza nafasi kiasi gani. Alifikiri kwa muda, kama alivyokuwa akifikiria maswali yangu yote, kisha akaweka vidole vyake juu ya karatasi, vinne, vikiwa vimebanana, kila upande.

Nikaacha hivyo.